Bolti za Kutu na Ekseli ya Nyuma: Zipi za Kuokoa, Zipi za Kukata

Kubadilisha ekseli ya nyuma ya Toyota Hilux ya zamani, ikiwa bolti zake zinafunguka, ni kazi ya siku moja kwa fundi na msaidizi wake. Kazi hiyohiyo, kwa gari lililozeekea Tanga, Mombasa au Pemba, huweza kula wiki nzima, gari likiwa juu ya stendi na mwenyewe akizunguka maduka ya spea kutafuta kipande cha paipu ya breki ambacho hakikuwamo kwenye hesabu zake. Ekseli haina kosa katika hilo. Kinachopoteza siku ni bolti, na zaidi ya bolti ni kuanza kufungua kabla hujaamua zipi utaziokoa kwa gharama yoyote na zipi utazikata bila huruma. Anayeamua mapema hufanya kazi kwa utulivu. Asiyeamua huipigania kila nati kwa nguvu ileile, akachoka kwenye nati isiyo na thamani, kisha akavunja ile ambayo hakutakiwa kuivunja.

Nitazungumzia Hilux za miaka ya 1980 na 1990, zenye ekseli nzima nyuma na springi za majani, kwa sababu bado zimejaa barabarani na zinastahili kutunzwa. Mwenye Hiace ya springi za majani au Land Cruiser ya kubebea mizigo atakuta mpangilio ni uleule, ingawa vipimo vinatofautiana.

Kabla ya kununua ekseli, hakikisha unaihitaji. Wengi huambiwa "ekseli imekufa" kwa sababu gari linalia nyuma. Kwenye Hilux, difu hutoka peke yake kwa mbele: unamwaga oili, unatenganisha propela shafti, unavuta saidi shafti nje kidogo pande zote mbili, unafungua nati zinazoizunguka, na kichwa chote cha difu kinatoka huku hausingi ikibaki palepale chini ya gari. Kama tatizo ni meno au beringi za difu, hiyo ndiyo dawa, na yu-bolti zinazobana ekseli kwenye springi huzigusi kabisa.

Hausingi yenyewe hubadilishwa ikiwa imepinda, imepasuka au imetobolewa na kutu. Iliyopinda inajionyesha. Tairi la upande mmoja huliwa ukingo wa ndani, oili sili ya upande huo huvuja tena muda mfupi baada ya kubadilishwa, na beringi hufa mara kwa mara upande uleule. Kupima ni rahisi. Inua gari nyuma, zungusha kila tairi huku umeshikilia chaki katikati ya uso wake ili ipate mstari mzunguko mzima, kisha pima umbali kati ya mistari miwili kwa upande wa mbele wa matairi, halafu kwa upande wa nyuma, kwa urefu uleule kutoka ardhini. Vipimo hivyo vinapaswa kukaribiana sana. Vikipishana kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye futi, hausingi imepinda kwenda mbele au nyuma, na kubadilisha sili tena ni kutupa pesa.

Kipimo cha pili ni cha chesisi, na hiki usikiruke hata kama una haraka. Kutu iliyoishika ekseli haikuiacha chesisi iliyo juu yake. Chukua nyundo ndogo na bisibisi imara, lala chini ya gari, gonga taratibu sehemu ambazo springi zimefungwa kwenye chesisi, mbele na nyuma, kisha gonga pale chesisi inapopinda kwenda juu kuipisha ekseli. Matope hukaa ndani ya bomba la chesisi hapo na kuilia kwa ndani. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na magamba humwagika usoni, kwa hiyo vaa miwani. Bisibisi ikizama, acha habari ya ekseli kwanza. Ekseli mpya chini ya chesisi iliyooza ni hatari kwa watu. Usidhani kwamba jina la Toyota linakinga: mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi kubwa nchini Marekani kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikioza.

Watu wa bara nao wasijione salama. Magari mengi tunayoyapokea yameishi Japani kwanza, na yale ya Hokkaido na kaskazini mwa Honshu yamepita miaka mingi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia theluji. Japani ilipoyapiga vita matairi ya misumari kwa sheria ya mwaka 1990, chumvi hiyo ilizidi kutumika. Gari likaletwa Dodoma au Nakuru, mbali kabisa na bahari, na nati zake zikawa zimeganda tangu lilipokuwa melini. Unapoagiza, omba karatasi ya mnada na uisome: herufi S huonyesha kutu, na C huonyesha kutu iliyokwisha kula chuma. Alama hizo zikitajwa kwa upande wa chini wa gari, ujue kila bolti ya nyuma itakudai.

Sasa ekseli yenyewe. Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi na Kisekka Kampala utazikuta zimelazwa chini, na zote zitaonekana sawa. Hazilingani. Soma kibati cha gari lako kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kuna msimbo wa ekseli ambao herufi yake ya kwanza inataja ukubwa wa difu na tarakimu zinazofuata zinataja uwiano wa meno. Muuzaji akikwambia "hii ni ileile", mwombe uihakikishe kwa mikono. Shika gurudumu la upande mmoja lisizunguke, zungusha la upande wa pili mizunguko 2 kamili, na hesabu flenji ya propela imezunguka mara ngapi. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Ikizunguka mara 4 na kipande kidogo, ni kama 4.1; ikikaribia 4 na nusu, ni difu nyingine kabisa. Kwa gari la magurudumu mawili, tofauti hiyo itaharibu usomaji wa spidi na kubadilisha mwendo wa injini. Kwa gari la magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma zikipishana uwiano, ukiingiza magurudumu manne kwenye lami zitashindana mpaka kitu kivunjike.

Pima pia upana kutoka flenji ya gurudumu hadi flenji ya pili, umbali kati ya vikalio vya springi, na matundu ya flenji ya propela. Hesabu stadi za gurudumu. Hilux ya magurudumu manne ina 6, na nyingi za magurudumu mawili zina 5. Fungua nati ya kumwagia oili na uchovye kidole. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa difu iliyofanya kazi. Vipande vinavyoshikika kati ya vidole si vya kawaida. Oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yaliingia na kukaa. Kama muuzaji hataki uifungue, nenda kwa mwingine.

Ekseli ikifika nyumbani, imalize chini kabla hujagusa gari. Huu ni ushauri ninaousisitiza kwa kila mtu, kwa sababu kazi inayofanywa umekaa kwenye kigoda kivulini haifanani na ileile ikifanywa umelala chali na mchanga unakudondokea machoni. Badilisha oili sili zote, na beringi za magurudumu kama zina mchezo. Weka breki shuu mpya na silinda za magurudumu zilizo zima. Jaribu nipo za kutolea upepo zote mbili ukiwa hapo chini, kwani ni nyembamba na ndizo huvunjika kwanza. Weka paipu mpya za breki kutoka kiungio cha kati hadi kila gurudumu. Za shaba iliyochanganywa na nikeli hazishiki kutu na hupindika kwa mkono. Safisha kipumulio kilicho juu ya hausingi mpaka kizunguke na kupitisha hewa. Kikiziba, difu ikipata joto, hewa ya ndani husukuma oili kupitia sili mpaka kwenye breki, na utalaumu sili uliyoweka wewe mwenyewe. Kisha piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke vizuri.

Vumbi lililo ndani ya dramu za zamani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa tambara, tupa tambara.

Wakati rangi inakauka, anza kazi ya bolti, siku 3 au 4 kabla ya kuinua gari. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi zote zinazoonekana nje ya nati, kwa sababu mafuta hayapenyi kwenye tabaka la matope na kutu ya juu. Halafu paka mafuta ya kupenya pale nati inapokutana na bolti, jioni na asubuhi, na kila mara gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, kavu, mara kadhaa. WD-40 ya kawaida ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza unyevu. Inasaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kupenya hufanya vizuri zaidi. Mafundi wengi huchanganya oili ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo unapenya kweli. Utikise kila mara kabla ya kupaka, maana hujitenga, na usiusogeze karibu na moto. Katika siku hizo endelea kulitumia gari kama lina usalama wa kutembea. Mtikisiko wa barabara na joto linalopanda na kushuka huyavuta mafuta ndani kuliko kulipaki likasubiri.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo nati yenye kutu imebanwa kutoka ndani, na nguvu peke yake huongeza msuguano mpaka bolti ikatike. Lazima tabaka hilo livunjwe kwanza, kwa mafuta, kwa kugonga au kwa moto.

Sasa gawa bolti zako. Kila kitu kitakachoondoka na ekseli ya zamani hakina thamani. Yu-bolti, nati za paipu za breki zilizo juu ya hausingi, pini za chini za shokapu zilizochomelewa kwenye ekseli ya zamani, vibanio vya nyaya za handibreki: vyote hivi ekseli mpya inakuja na vyake, au utanunua vipya kwa bei ndogo. Usipoteze hata dakika 10 kujaribu kuviokoa. Yu-bolti hasa hazirudishwi hata zikifunguka vizuri, kwa kuwa zilikwisha kuvutika zilipokazwa mara ya kwanza na hazitashika tena kwa nguvu ileile. Zikate kwa grinda. Kata mguu wa bolti chini ya bamba au pasua nati yenyewe, lakini grinda isiguse jani la springi. Mkwaruzo mdogo wa jiwe la grinda kwenye jani ni mahali ambapo ufa utaanzia, na jani litakatika siku gari limebeba mzigo.

Kitakachobaki kwenye gari lazima kiishi. Katika kundi hili kuna bolti za propela kwa upande wa flenji ya shafti, kishikio cha juu cha shokapu, nati zilizochomelewa ndani ya chesisi ambazo zikizunguka hovyo huna pa kuzishika, vali ya breki inayopima mzigo, na paipu ya breki ya chuma inayotoka mbele mpaka kwenye mpira wa breki. Hapa ndipo saa zako na mafuta yako yaende. Pini za springi nazo zimo, ila kwa hizo nina neno tofauti: kama springi ni nzima na bushi hazijaisha, usiziguse kabisa. Kuna kishawishi cha kusema "kwa kuwa gari liko wazi, tufungue kila kitu". Pini ya springi iliyoganda ndani ya bushi inaweza kukulia siku 2 peke yake.

Paipu ya breki ndiyo inayowaliza wengi, basi tuitazame kwa karibu. Mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli umeunganishwa juu na paipu ya chuma, kwenye kibanio kilichofungwa kwenye chesisi. Nati ya paipu ni ndogo, ya spana namba 10, na kutu imeishikamanisha na paipu yenyewe. Ukiizungusha kwa spana ya mdomo wazi, ama pembe zake zitalika, ama paipu itajisokota nayo na kukatika, na sasa unahitaji paipu mpya kutoka nyuma mpaka mbele ya gari. Fanya kinyume. Mpira wa breki ni wa bei ndogo na unapaswa kubadilishwa hata hivyo. Chomoa klipu inayoushika kwenye kibanio, kata mpira kwa kisu kikali au msumeno, shika nati ya paipu isiyumbe kwa spana ya pete yenye mwanya, kisha zungusha kichwa cha mpira. Paipu inabaki palepale, mpira ndio unaojifungua kutoka kwake. Ziba paipu mara moja kwa kifuniko cha raba, mafuta yasimwagike yote na hewa isiingie mpaka kwenye silinda kuu. Mafuta ya breki yakigusa rangi, osha kwa maji papo hapo.

Kwa bolti nyingine za kuokoa, tumia soketi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 inashika kwenye ncha tu, na nati iliyoliwa na kutu haina ncha za kutosha. Spana malaya iache kwenye boksi. Soketi ikae mpaka chini, mpini uwe mrefu, na mwendo wa kwanza uwe wa kukaza, kidogo tu, mpaka usikie mlio mkavu wa kutu kuvunjika. Ndipo ulegeze. Ukipata robo mzunguko, rudisha nusu yake, ongeza mafuta, endelea tena. Unga mwekundu utaanza kutoka kwenye nyuzi, na hiyo ni dalili njema.

Mkono ujifunze kutofautisha mambo mawili. Nati inayoachia hukataa, hukataa, halafu inaruka kwa mlio mmoja na baada ya hapo inasogea kwa ukali uleule. Bolti inayokaribia kukatika hukataa, kisha inakuwa laini: mpini unakwenda bila mlio, bila ukali, na ukiuachia unarudi kidogo. Hapo chuma kinajisokota. Simama. Usiongeze bomba kwenye mpini. Hapo ni zamu ya moto.

Kabla ya kuwasha chochote, angalia kilicho jirani. Tangi la mafuta na paipu zake viko hatua chache kutoka kwenye ekseli. Ondoa kila kilichomwagika, weka ndoo ya mchanga na kizimamoto karibu, na mtu wa pili asimame akiangalia, asifanye kazi nyingine. Shokapu za gesi zisipashwe moto hata kidogo. Sprei za kusafishia breki, nyingine zina klorini, na zikikutana na moto au cheche za kuchomelea hutoa gesi ya sumu kali. Kama uliitumia mahali hapo, subiri pakauke kabisa na hewa ipite. Mchanganyiko wa asetoni nao uwe umekwisha kuyeyuka wote.

Pasha nati, si bolti. Nati ikitanuka wakati bolti bado ina joto dogo, nafasi hupatikana na kutu hupasuka. Mwali mdogo wa oksijeni na asetilini ukielekezwa upande wa nati mpaka iwe nyekundu iliyofifia unatosha. Ondoa moto, acha ipoe mpaka wekundu uishe, kisha gusisha mshumaa juu ya nyuzi. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya nyuzi palepale, na moshi wake ni mchache kuliko wa mafuta. Jaribu tena, kaza kwanza, kisha legeza. Wakati mwingine mara moja haitoshi, na kupasha na kupoza mara 3 hufanya ambacho nguvu haikufanya. Bolti yoyote iliyopata moto wa namna hiyo ukishaifungua itupe, kwa kuwa ugumu wake umeondoka.

Ikikatika licha ya yote, na kipande kikabaki nje, chomelea nati kubwa juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu, na nati inakupa pa kushika. Ikikatika ndani, toboa katikati kwa drili, polepole, kisha pitisha tepu ya nyuzi. Hii ni kazi ya kumpa fundi mwenye mkono uliozoea.

Kuhusu kuinua gari, kuna jambo ambalo wengi hulifikiria gari likishateleza. Ukishafungua propela shafti, kuacha gari kwenye gia au kwenye P hakulishiki tena. Handibreki nayo hushika magurudumu ya nyuma tu, ambayo umeyainua. Kwa hiyo kitu pekee kinachozuia gari lisiende ni kabari ulizoweka kwenye magurudumu ya mbele. Weka kabari za mbao ngumu mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili, kwenye sakafu tambarare. Stendi zikae chini ya chesisi, mbele ya springi, kwa sababu ekseli yenyewe inaondoka. Tofali la saruji lenye matundu lisitumike hata kwa dakika moja. Hupasuka bila kutoa onyo. Jeki ya magurudumu ikae chini ya difu kubeba ekseli, na watu wawili waishike mwisho huu na huu, kwani uzito wa difu huifanya ijipindue.

Weka alama ya rangi kwenye flenji zote mbili za propela kabla ya kuzitenganisha, ili irudi ilivyokuwa na isije ikatetemeka. Kile kifimbo cha vali ya breki inayopima mzigo, pima urefu wake kabla ya kukifungua na uandike. Ukikirudisha kwa urefu mwingine, breki za nyuma zitakamata mapema mno au hazitakamata inavyotakiwa.

Kurudisha ni rahisi kwa aliyejiandaa. Kichwa cha senta bolti ya springi kiingie kamili kwenye tundu la kikalio, pande zote mbili. Kisipoingia, ekseli itakaa upande na gari litatembea kama kaa. Yu-bolti mpya zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, ili nyuzi zinazojitokeza ziwe sawa pande zote 4 za bamba, na ukazaji wa mwisho ufanyike kwa toki renchi gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kama ulilazimika kufungua pini za springi zenye bushi za raba, nazo zikazwe gari likiwa chini. Ukizikaza springi zikiwa zinaning'inia, raba hujisokota gari linaposhuka na huchanika mapema. Grisi ya shaba ipake kwenye pini za shokapu na vibanio, lakini stadi za magurudumu ziache kavu, kwa maana vipimo vya kukaza vimewekwa kwa nyuzi kavu na ukizipaka utazivuta kupita kiasi.

Oili ni 85W-90 ya daraja la GL-5, ijazwe mpaka ianze kuchungulia kwenye tundu la kujazia gari likiwa tambarare. Na kwa gari lolote lenye kutu, hata siku unapobadilisha oili tu, fungua nati ya kujazia kwanza ndipo ufungue ya kumwagia. Wako waliomwaga oili yote, kisha nati ya juu ikagoma, na gari halina pa kwenda.

Toa upepo kwenye breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na usisahau vali ya kupima mzigo, ambayo kwenye Hilux nyingi ina nipo yake. Silinda kuu isikauke wakati wote huo. Jaribu breki uani, kwa mwendo wa kutembea, kabla ya kugusa barabara.

Baada ya kilomita 500 hivi, rudi chini na toki renchi. Springi zimejipanga, rangi iliyokuwa kati ya bamba na kikalio imebanwa ikaisha, na nati za yu-bolti karibu kila mara huhitaji kukazwa tena. Hapo piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Siku nyingine utaona kwa jicho tu kama kuna iliyozunguka. Tazama pia kama sili ni kavu. Kwa mkazi wa pwani, osha chini ya gari kwa maji baridi kila baada ya kupita mchanga wa bahari, na mara moja kwa mwaka nyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani ya chesisi.

Ekseli ya zamani usiwape wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka kilomita hizo 500 zipite. Inaweza kuwa imepinda, lakini saidi shafti zake, mabamba ya breki na stadi za magurudumu bado ni spea, na hakuna duka litakalokupa zinazolingana na gari lako kuliko hizo.